Kutafiti nasaba kwa pamoja

Tangu nijiunge na wenzangu kutafiti nasaba zetu kwa njia ya vinasaba (DNA), nimeamini kabisa kwamba kazi hii haimfai mtu mmoja. Matokeo ya kipimo yakionyesha kwamba unachangia na mtu fulani takriban asilimia 25 ya vinasaba, huenda huyo ni babu yako, shangazi yako, au ndugu uliyechangia naye mzazi mmoja tu, na asilimia pekee haitakuambia ni yupi. Anayejua ni mzee wa ukoo, au mwenzako aliyekwisha kuchambua vyeti vya ndoa vya upande ule.

Kilichotuunganisha zaidi ni kulinganisha vipande vya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Tulipogundua kwamba watatu kati yetu tunalingana katika kipande kilekile, kila mmoja na mwenzake, tulipata sababu nzuri ya kumtafuta mhenga mmoja, tukayaweka matawi yetu matatu mezani na kuanza kuyasoma pamoja, jina kwa jina. (Kutolingana si ushahidi wa kutosha kwamba hakuna undugu: takriban mtu 1 kati ya 10 haonyeshi kipande chochote cha pamoja na ndugu ambaye babu wa babu yao ni mmoja.)

Tuna sharti ninalolitetea kwa moyo wote: matokeo ya mtu hayajadiliwi bila ridhaa yake, naye anaweza kuyaondoa wakati wowote. Kipimo chaweza kufichua mzazi asiyetarajiwa, na habari ya namna hiyo humfikia mhusika kwanza, kwa faragha, kabla kikundi hakijasikia lolote.