Kutoka Ngong hadi Kona Baridi kwa miguu ya Rehema

Mwalimu aliyenifundisha Kiswahili shule ya upili alistaafu zamani, lakini hajaacha kusahihisha. Nilipompelekea mswada wa riwaya yangu nyumbani kwake Buruburu aliusoma kwa wiki mbili, kisha akaniita, akanimiminia chai ya tangawizi na kuniuliza swali moja tu: "Mwanangu, huyu Rehema wako amevaa viatu gani?" Nilifungua mdomo kujibu nikakosa la kusema. Katika kurasa 212 nilikuwa nimeandika machozi ya Rehema, ndoto zake na maneno aliyomwambia Mungu usiku wa manane, lakini viatu vyake sikuwa nimevitaja popote. "Basi hajatembea," akasema Mwalimu, akanirudishia mswada.

Rehema ni karani wa Nairobi aliyefiwa na mumewe. Anasafiri kwenda kumtembelea dada yake katika jimbo la Georgia nchini Marekani, na huko anasikia habari za Appalachian Trail, njia ya miguu yenye urefu wa takriban kilomita 3,500, inayoanzia mlima Springer katika jimbo hilohilo, ikapita majimbo 14 na kuishia juu ya mlima Katahdin kule Maine. Anaamua kuitembea yote. Mimi mwandishi wake sijawahi kuikanyaga, ila nilikuwa nimesoma kila nilichoweza kukipata. Nilijua kwamba wazo la njia hiyo lilitolewa na Benton MacKaye mwaka 1921 na kwamba njia yenyewe ilikamilika mwaka 1937. Nilijua kwamba mtembeaji huongozwa na alama nyeupe za rangi, zenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 15 hivi, zilizopakwa kwenye miti na mawe. Kwamba wengi wanaoanzia kusini huondoka Machi au Aprili ili wafike Katahdin kabla baridi ya Oktoba haijaufunga mlima. Na kwamba katika kila watu wanne wanaoanza wakiwa na nia ya kuimaliza, takriban mmoja tu ndiye humaliza. Niliyajua haya yote kama mtu anavyojua bei ya kitu ambacho hajawahi kukinunua.

Nauli ya kwenda Georgia sina, lakini milima ya Ngong ninaiona kila siku kutoka kwenye paa la ploti yetu ninapoanika nguo. Niliamua kuitembea kutoka mwanzo hadi mwisho nikiwa nimebeba kila kitu ambacho Rehema amekibeba katika sura ya pili. Ijumaa nilikwenda Gikomba nikanunua viatu vya mtumba vya kupandia mlima, vya rangi ya kahawia, vyenye soli nene, kisigino cha kushoto kikiwa kimelika kidogo upande wa nje. Jioni nilipakia begi: blanketi, sufuria, jiko dogo la gesi, nguo za kubadilisha, vyakula vya makopo, lita tatu za maji, Biblia, albamu ya picha, mswada wenyewe, na koti la marehemu baba yangu ambalo sikuwa nimewahi kulivaa. Muuza viazi wa mtaani kwetu alikubali kulitundika begi kwenye mzani wake. Lilikuwa na kilo 14.

Jumamosi hiyo ya Julai nilipanda matatu ya namba 111 kukiwa bado na giza, tukapita Dagoretti Corner, Karen na Bulbul hadi mjini Ngong. Baridi ya Julai huwa haina huruma hata katikati ya jiji, na jiji liko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha juu kabisa cha Ngong kinafika mita 2,460. Langoni nililipa ada, nikapewa askari wa misitu wa kunisindikiza, mtu mzima mwenye bunduki begani na buti zilizokwisha kuchakaa, ambaye aliliangalia begi langu kwa muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi. "Dada, unarudi leo?" akauliza. Nilimwambia kwamba nitarudi leo, lakini kuna mtu ninayemwandikia ambaye harudi kwa miezi sita. Alitikisa kichwa polepole, akatangulia.

Mlima wa kwanza una mitambo ya upepo ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme. Ya mwanzo kabisa ilisimamishwa mwaka 1993, na hii iliyopo sasa ina uwezo wa kuzalisha megawati 25.5 kwa jumla. Kutoka jijini huonekana kama vijiti vyeupe vilivyochomekwa kwenye ukingo wa mbingu, lakini ukipita chini yake unasikia kila panga likikata hewa juu ya kichwa chako, vuu, vuu, vuu, na baada ya muda unajikuta unapumua kwa kufuata mapigo hayo. Ukungu ulikuwa umeufunika upande wote wa Nairobi, lakini upande wa pili Bonde la Ufa lilikuwa wazi, kahawia na kijani kilichopauka, na mlima Suswa umelala mbali kama ng'ombe aliyeshiba.

Baada ya mitambo njia hufuata mgongo wa milima, ikipanda na kushuka kutoka kilele hadi kilele, na hapo ndipo nilipoanza kuiona kasoro kubwa ya riwaya yangu. Katika ukurasa wa 37 Rehema anapanda mteremko mkali, na anapopanda anamkumbuka mumewe, anaupima uchungu wake, anamsamehe, na anafika kileleni akiwa mtu mpya. Ni ukurasa nilioupenda kuliko zote. Niliwahi kuwasomea marafiki zangu na mmoja wao akatokwa na machozi. Sasa mimi nilikuwa kwenye mwinuko halisi, kilo 14 mgongoni, jasho likiingia machoni ingawa masikio yalikuwa yameganda kwa baridi, na kichwani mwangu hamkuwa na mtu yeyote. Hamkuwa na baba, hamkuwa na Mungu wala msamaha. Mlikuwa na jiwe lile pale, kisha shina la leleshwa la kushika, kisha jiwe jingine. Nilijaribu kwa makusudi kumkumbuka baba yangu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, na kila sura yake ilipokaribia kuja mguu uliteleza na ikapotea. Pumzi ilikuwa imechukua nafasi yote. Nilipofika kileleni sikuwa mtu mpya hata kidogo, nilikuwa mtu mwenye kiu.

Askari alinisimulia, tulipokuwa tukinywa maji, hadithi ambayo wengi waliokulia pande hizi wameisikia, kwamba chini ya milima hii limezikwa jitu, na vilele tunavyovipanda ni vifundo vya mkono wake. Nilimuuliza kama huwa anahesabu vilele anapotembea. Akasema alihesabu mwezi wa kwanza wa kazi tu, halafu akaacha, kwa sababu anayehesabu huchoka mapema. Nililiandika jibu hilo kwenye simu kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Kwenye mteremko uliofuata kisigino cha kushoto kilianza kuwaka. Nilikuwa nimesoma kwamba mtembeaji mwenye busara husimama mara tu anapohisi joto la namna hiyo, na hata Rehema nilimwandikia busara hiyo, lakini sikusimama. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitapumzika kileleni, na askari alikuwa mbele, na sikutaka aone. Nimetafakari sana baadaye juu ya ukaidi huo, kwa maana si ukaidi wa njiani pekee. Ndio ulionifanya niseme "tuko sawa" kwa kila mtu aliyenipigia simu mwaka aliofariki baba, mpaka wakaacha kupiga. Nilitembea hivyo karibu nusu saa, nikiuweka mguu upandeupande, ndipo askari, ambaye hakuwa amegeuka hata mara moja, akasema, "Dada, kaa hapo. Nasikia unavyokanyaga."

Nilikaa juu ya jiwe, nikafungua kamba, nikavua soksi. Lengelenge lilikuwa na ukubwa wa shilingi kumi, ngozi ya juu imekuwa nyeupe na kuvimba maji, pembezoni pekundu, na nyuzi mbili za soksi zimenatia ukingoni. Askari alichuchumaa. Alinionyesha kwa kidole jinsi kisigino kilivyokuwa kikipanda na kushuka ndani ya kiatu, kwa sababu nilikuwa nimekaza kamba huku vidoleni na kuzilegeza juu. "Fanya kinyume," akasema. "Chini vidole vipumue, hapa kwenye kifundo ukaze, kisigino kikae mahali pake. Na hilo usilipasue, livike plasta tu." Nilivika plasta, nikafunga kamba upya kama alivyoniambia, nikasimama, na kisigino hakikuteleza tena. Niliketi tena, ingawa sikuwa na sababu ya kuketi.

Ni hapo, kwenye jiwe lile, ndipo baba yangu alipokuja. Mwili ulikuwa umetulia, upepo ulikuwa ukipiga kutoka bondeni, na nikahisi baridi ya mtu aliyetoka jasho akasimama. Nilifungua begi nikatoa koti lake. Kwa miaka mitatu lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango wa chumba changu, na kila nilipofagia nililizunguka. Nililivaa. Mikono ilikuwa mirefu, nikaikunja mara mbili. Askari aliangalia pembeni, akawasha redio yake kwa sauti ya chini na kuniacha nikae nitakavyo.

Tukiwa bado hapo akapita mama mmoja wa Kimaasai akiswaga punda wawili waliobeba madumu ya maji. "Sopa," nikamwamkia, naye akaitikia, "Epa," kisha akaliangalia begi langu lililokuwa wazi, vitu vyote vimemwagika nyasini, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama, unahama?" Aliuliza kwa upole, kama anayetaka kujua kama anaweza kusaidia. Nikampa makopo yote na sufuria. Alivipanga vizuri kati ya madumu, akaniombea safari njema, akaendelea kushuka.

Nilikuwa nimesoma kisa cha namna hii bila kukielewa. Takriban kilomita 50 kutoka mlima Springer, mahali panapoitwa Neel Gap, watembeaji wengi wa Appalachian Trail hufungua mabegi kwa mara ya kwanza na kurudisha vitu nyumbani kwa posta, wengine hukata tamaa hapohapo, na kwa miaka mingi walikuwa wakitundika viatu vyao kwenye mti wa mahali hapo. Katika mswada wangu Rehema alipita Neel Gap kwa sentensi moja. Nilikuwa nikimharakisha afike kwenye vilele, nikiamini kwamba huko ndiko watu hubadilika. Nilikuwa nimesoma pia habari za Emma Gatewood, mwanamke wa miaka 67, mama wa watoto 11, ambaye mwaka 1955 aliitembea njia hiyo yote peke yake akiwa amevaa raba za kawaida, akiwa na mfuko alioushona mwenyewe, blanketi, na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga mvua. Alikuwa amejaribu mwaka uliotangulia, akapotea njia kule Maine, miwani ikavunjika, akarudi nyumbani. Wanaomsimulia hupenda kuanza na ushindi wake. Juu ya jiwe lile nilitamani kuijua zaidi ile miezi kati ya safari mbili, alipokuwa nyumbani akiamua ni nini cha kuweka kwenye mfuko na nini cha kuacha.

Sehemu iliyobaki tuliitembea bila maneno mengi. Begi lilikuwa jepesi, koti lilikuwa na joto, na kila tulipoteremka au njia ilipokuwa tambarare, fikra zilirudi zenyewe, ndefu na tulivu; njia ilipopanda zikakatika, nami nikaziacha zikatike. Tulifika Kona Baridi mchana. Nilimshukuru askari, nikampa mkono, nikanywa chai vikombe viwili kibandani kando ya barabara ya Magadi, nikapanda gari la kwenda Kiserian.

Ndani ya matatu ya namba 126 ya kurudi mjini nilitoa mswada na kalamu. Ukurasa wa 37 niliukata kwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini, na nilishangaa kwamba haukuniuma. Kisha, huku gari likirukaruka, nikaandika nyuma ya ukurasa huohuo: "Neel Gap Rehema alikaa chini, akafungua kamba za kiatu cha kushoto, akazianza upya, safari hii akilegeza vidoleni na kukaza kwenye kifundo. Kisha akafungua begi." Niliandika kurasa nne kabla hatujafika mjini.

Jumanne nilizipeleka Buruburu. Mwalimu alizisoma akiwa amesimama dirishani kwenye mwanga, akasoma tena, kisha akaomba nivue viatu nimpe. Aliketi, akakiweka kile cha kushoto mapajani, akakigeuza, akapitisha kidole gumba taratibu kwenye kisigino, pale mtu mwingine, ambaye sitamjua kamwe, alipokichakaza kabla yangu.

"Na hapa pia," akasema. "Paandike."