Waliniita Afande

Nilianza S1, yaani kidato cha kwanza, mwaka 2003, nina miaka 13, katika shule ya bweni upande wa Masaka, Uganda. Nilikuwa nimekulia kambini Gulu, baba yangu mwanajeshi, na pale kambini watoto wa Kiacholi, Kiteso, Kilugbara na Kinyankole wote tulichezea Kiswahili. Luganda nilikuwa naokoteza tu.

Jioni ya kwanza bwenini niliuliza, kwa mazoea, "Choo kiko wapi?" Basi, ikatosha. Kwa Waganda wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki, nami nikawa Afande. Nikiingia darasani, napigiwa saluti. Nikiwa kwenye foleni ya posho (ugali), mtu ananisimamisha: "Kitambulisho iko wapi?" (Hata kuonea walionea kwa sarufi mbovu.)

Usiku ndio ulikuwa mbaya. Taa zikizimwa, vijana watano wa S3 walinipandisha kitanda cha juu, wakapiga masanduku ya bati kwa viganja kama lori linaloondoka, wakiimba, "Panda gari! Panda gari!" Gari "likifika" nasukumwa chini. Mara ya tatu nilitua kwa kiwiko.

Sikumwambia mtu. Siku ya kutembelewa mama alikuja na kopo la odi, ile siagi yetu ya karanga na ufuta, akaniandalia chakula kwenye nyasi, akaniangalia nikila kwa mkono wa kushoto.

"Wa kulia una nini?"

"Nilianguka, mama."

Akanimiminia chai. Akafungua sanduku, akaona sabuni ya muhula mzima imekwisha. Alilifunga taratibu.

"Umeanguka mara ngapi, mwanangu?"

Hapo nililia kama mtoto wa chekechea, mbele ya wazazi wa watu.

Baba alipopata habari alitaka kuja na sare. Mama alimkatalia: ukienda na sare, umewathibitishia. Akarudi peke yake wiki iliyofuata. Mwalimu wa zamu alimwambia mambo hayo ni ya wavulana, yatapita. Mama akajibu kwamba hakuja kuomba mtu achapwe, anaomba kitanda changu kisogezwe karibu na mlango wa matroni, na atasubiri. Akakaa kwenye benchi la ofisi toka saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Kitanda kikasogezwa. Yeye akakosa basi, akalala Masaka mjini.

Usiku ukatulia. Mchana haukutulia, na huo mama asingeuweza.

Jirani yangu mpya wa kitanda alikuwa Muganda wa Luweero, mpole, mpenda kusoma. Siku moja kwenye foleni mmoja wa wale vijana akaanza tena na panda gari yake. Jirani yangu akageuka, sahani mkononi, akasema kwa Luganda bila kupaza sauti: babu yangu alipandishwa gari hilo, hakurudi, na bibi bado anamwekea sahani. Nionyesheni panapochekesha.

Foleni nzima ilinyamaza. Mimi mwenyewe sikuwa najua maana yake. Likizo ndipo baba alinieleza, kwa shida, jinsi wanajeshi wa utawala wa Rais Obote miaka ya 80 walivyowazoa watu mitaani na kuwarundika kwenye malori. Wimbo ule sikuusikia tena. Afande lilibaki, ila sasa jirani yangu yule ndiye aliyeniita hivyo zaidi ya wote, na mpaka leo ananipigia simu: "Afande, umelala?"

Binti yangu sasa yuko S1. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima, kwa hiyo hakimponzi. Wanamsema kwa urefu wake. Ndani ya kifuniko cha sanduku lake nimeandika 116, ile simu ya bure ya watoto, chini ya namba yangu na ya shangazi yake. Nikimtembelea simuulizi shule vipi, maana jibu ni "sawa tu". Nauliza sabuni imebaki kiasi gani, na anakula na nani.

Muhula uliopita alinitajia majina mawili. La pili sikulijua, nikasema mwite. Akaja msichana mwembamba, kiatu kimoja hakina kamba, akapiga magoti kunisalimia. Nikamwambia akae, nikamkatia chapati.