Springi inayopanda na kushuka: hesabu ikipita katikati

Ning'iniza gramu 100 kwenye springi ya maabara. Tuseme imerefuka sentimita 4. Mvutano wa dunia hapa Nairobi ni takriban niutoni 9.78 kwa kila kilo, kwa hiyo ugumu wa springi, yaani k, ni kama niutoni 24.5 kwa mita. Usiridhike na kipimo hicho kimoja. Springi nyingi zimesokotwa koili zikibanana, hazianzi kurefuka mpaka uzito ushinde mbano huo. Pima hadi gramu 300, chora grafu ya uzito dhidi ya mrefuko, utumie mwinamo wake. Springi za vipuri vya gari za Kirinyaga Road ni ngumu mno kwa kazi hii.

Sasa weka gramu 200, vuta chini sentimita 2, achilia. Kani rejeshi, yaani ile inayourudisha uzito, huelekea katikati daima, pale uzito ulipotulia kabla ya kuvutwa, na ukivuta mara mbili nayo huwa mara mbili. Uzito ukifika katikati kani hiyo ni sifuri, ila hapo ndipo mwendo ni mkali kuliko kote, ndiyo maana haukomei hapo. Mvutano wa dunia husogeza tu hapo katikati, haubadilishi kipindi, yaani muda wa mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi.

Kipindi ni 2π mara kipeuo cha pili cha m/k, m ikiwa tungamo la uzito kwa kilo: hapa sekunde 0.57, hivyo mizunguko 20 ni sekunde 11.4. Saa itakuonyesha karibu 11.6, na wanafunzi wengi hudhani wamekosea. Hawajakosea! Springi nayo inatikisika: ongeza theluthi ya tungamo lake kwenye m. Springi ya gramu 24 huongeza gramu 8, na hesabu inakaa sawa.

Kosa halisi ni kusema "moja" unapobonyeza saa. Sema "sifuri", la sivyo umepima mizunguko 19. Tena bonyeza uzito ukipita katikati, kwenye alama uliyoweka. Kule mwisho unakawia, na jicho halijui umegeuka lini.

Wakati mwingine uzito huacha kupanda na kushuka, ukaanza kuyumba kando. Pima kutoka ndoano ya juu inayoshika springi hadi katikati ya uzito: urefu huo ukikaribia mara nne ya mrefuko, mwendo wa juu na chini huhamia kwenye kuyumba, kisha hurudi. Kwa mrefuko wa sentimita 8, hatari iko kwenye 32. Badilisha uzito, au ning'iniza springi kwa kipande cha uzi.