Kwani unadhani yeye halii?

Jamani hili jibu limenikaa kichwani wiki nzima. Binti kapata chuo, gari limegoma tena, lakini mimi niko palepale kwa mzee.

Yule mzee wangu wa New Jersey, Myahudi ninayemtunza, mnamjua. Kafiwa na mwanawe. Basi nyumba iko kwenye shiva, siku saba za matanga yao Wayahudi, vioo vyote vimefunikwa mashuka (mimi ndo nilikuwa nabandika na selotepu), mfiwa anatakiwa akae chini chini na kwa nyonga zile kigoda hakiwezekani, ikabidi tutoe mito ya sofa akalie ubao. Wageni wanaingia wanakaa kimya mpaka yeye aanze kuongea. Kwetu ungeshaambiwa kazi ya Mungu haina makosa kabla hata chai haijamiminwa, msiba wa kaka nusura nimzabe mtu kibao.

Jioni wametimia watu kumi wanaotakiwa kwa sala, akasimama kusoma Kaddish, sala yao ya wafiwa, nimemshika kiwiko. Baadaye namuuliza inasemaje, eti jina lake kuu litukuzwe, litakaswe. Na marehemu? Hatajwi. Kifo chenyewe hakimo. Nikamwambia, sauti imenipanda kidogo, sasa mzee unamtukuza aliyekuchukulia mtoto?

"Kwani unadhani yeye halii?"

Naosha vyombo nalisikia, nakunja nguo nalisikia. Na lilinikera! Mungu wa kulia wa kazi gani, si angezuia.

Kesho yake ndo akanifungukia, kwamba kwenye Talmud, kitabu chao cha mafundisho ya marabi wa kale, Mungu ana chumba cha ndani anakolilia, na kulikuwa na rabi, Kalonymus Shapira, mwanawe pekee wa kiume alijeruhiwa na mabomu Warsaw, Poland, 1939 akafa, yeye akaendelea kufundisha humo humo ndani ya geto, mtaa Wanazi waliowafungia Wayahudi, mpaka 1942, anawaambia watu usilie peke yako, sukuma mlango uingie ulie naye, utatoka na nguvu ya kusoma Torati tena. Wanazi wakamuua 1943, maandishi aliyoyaficha yakafukuliwa baada ya vita. Nikawa nasubiri mzee aniambie sasa KWA NINI yalitokea, wapi, kaniomba yai la kuchemsha.

Jana kwenye basi nimemlilia kaka, nimelia vizuri tu, sikujiona niko peke yangu, na mama mmoja alinipa tishu nikapokea.

Ila huyu fundi wa Moshi anasema mabati yamepungua tena na masika hayo yanakuja, na shemeji tangu juzi hapokei simu.