Wiki ambayo dunia ilimtafuta Malkia

Nikiwa hapa Iringa, huwa naipitia mara kwa mara orodha ya makala zilizofunguliwa zaidi katika Wikipedia ya Kiingereza, ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama bure, na sikumbuki wiki iliyotawaliwa na jambo moja kama ile ya Septemba 2022. Malkia Elizabeth II alifariki tarehe 8 katika kasri la Balmoral, Uskoti, akiwa na umri wa miaka 96, na papo hapo wasomaji wakamiminika si kwenye makala yake tu, bali pia kwenye zile za Charles III, marehemu mumewe Philip, na Diana aliyefariki miaka 25 kabla. Vifo huvuta watu mno. Hata ukurasa unaoorodhesha waliofariki katika mwaka husika haukosekani karibu na kilele cha orodha hiyo, jambo ambalo kwangu linasikitisha kidogo.

Pale Miyomboni, kwenye duka la steshenari, vijana wawili walikuwa wakibishana, simu mkononi, kama kweli Elizabeth aliwahi kuwa Malkia wa Tanganyika. Alikuwa, tangu uhuru tarehe 9 Desemba 1961 hadi tulipokuwa jamhuri tarehe kama hiyo mwaka 1962. Nikawaongezea kwamba fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilirudishwa Kalenga, si mbali na mjini, mwaka 1954, Elizabeth akiwa tayari kwenye kiti cha enzi, nao wakaanza kulitafuta hilo.