Siku yangu dukani Kariakoo: "Dada, mwisho ngapi?"

Saa 12 asubuhi, Mbagala. Napanda daladala nikiwa na noti ya elfu mbili tu. Kosa langu. Konda anaitazama kama nimemtukana. "Sista, huna ndogondogo?" Sina. Tunashuka Kariakoo, chenji yangu na ya mama niliyekaa naye kaziunganisha kwenye noti moja: "Gawaneni hapo." Gari hilo likaondoka. Ikabidi tununue karanga tusizozitaka ili noti ivunjwe.

Saa 2. Nauza khanga na vitenge, duka si langu. Mteja wa kwanza haachwi aondoke bila kununua, na wanaojua hilo huwahi makusudi. Doti nasema 15,000. "Nikufungulie kwa kumi, mwanangu?" Tunaishia 12,000, bei ambayo bosi alishanipa tangu mwanzo. Yeye kaondoka anacheka, mimi nimefungua. Noti aliyonipa imeungwa kwa seloteipu, lakini ya kwanza utaikataaje?

Saa 5 wanaingia kina mama watatu, sare ya shughuli, doti 20. Hapo unavuta stuli. Wanakunjua, wananusa, wanabishana wao kwa wao kuhusu pindo, kisha mkubwa wao anauliza, "Mwisho ngapi?" Elfu kumi na mbili, mama, kwa jumla. "Kumi na moja." Haitoki. Ananiuliza kwetu wapi. Tanga. Ooh, na yeye ana mkwe Tanga! Undugu umeanza, bei inabanwa zaidi. Wanatoka hadi mlangoni, taratibu, wakisubiri niwaite. Nawaita. Dakika arobaini zimekwisha tumekubaliana 11,500, yaani wameokoa 10,000 jumla.

Halafu akaja kijana wa kubeba mzigo, akaupeleka hadi kwenye bajaji ng'ambo ya barabara. Yule mama mkubwa akampa 5,000. "Kanywe soda, baba." Hakudai chenji. Mimi niliyepigwa jua la maneno tangu saa 5 nikapata "Ahsante, Mungu akuzidishie." Sikuudhika, kusema kweli. Kwangu alikuwa kazini, kwa yule kijana alikuwa mama.

Saa 8, mama ntilie. Hapa hakuna anayeacha bakshishi. Zawadi inatoka upande wa pili: ukimwamkia vizuri, maharage yanaongezwa.

Saa 10 ni saa ya malipo kwa simu. "Nikutumie?" Tuma, na ada ya kutolea. Wanajifanya hawakusikia neno la mwisho. Siku hizi nawaelekeza kwenye lipa namba, na mzigo hautoki mpaka simu yangu ilie. Mwaka jana kijana mtanashati alinionyesha meseji kwenye simu yake, akasema mtandao unasumbua, akaondoka na doti tatu. Pesa haijaingia hadi leo. Nililipa mimi, kwenye mshahara wangu.

Saa 12 jioni, nyanya. Fungu buku, yaani elfu moja. Nazigeuza moja moja, naikuta iliyobonyea, naiinua juu ili aione.

"Mama, nifanyie mia nane."

"Wewe si unauza khanga pale? Mbona juzi uligoma kunipunguzia?"

Nikamwangalia vizuri. Kweli, ni yeye! Nikatoa buku yangu kimya kimya. Akaniongezea nyanya moja, mbichi.