Nilivyosoma jamii za milimani nikiwa mtoto wa Pemba

Nilipochagua somo la vijana katika jamii za milimani, hapa chuoni Tunguu, wenzangu waliniuliza Mpemba anatafuta nini milimani. Kwetu tuna vilima na mabonde ya mpunga, mlima hatuna. Mimi nilitaka kujua kwa nini vijana wa Kilimanjaro wanahama kwao kama sisi tunavyohama Pemba.

Mwanzo ulikuwa mzito. Makala ni za Kiingereza, na nyingi zinaanza na mvua na mmomonyoko wa udongo. Nafika mwisho sijashika kitu. Nikabadilisha usomaji. Kila makala nikaisoma kwa swali moja: ardhi anaipata nani, na lini? Badala ya muhtasari nikawa nachora ukoo, babu juu, wajukuu chini, na kila mmoja na kipande chake.

Hapo mambo yakafunguka. Mchagga ana kihamba: migomba, kahawa chini yake, ng'ombe bandani, maji ya mfereji yanayoteremka kutoka juu. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa sehemu yake, na wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi. Wa kati ndio wanaoteremka Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na Disemba wanarudi kusalimia. Wazee wao kahawa iliwapa nguvu hata wakaunda chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, lakini mti wa kahawa unataka pa kusimama, na kihamba kikigawiwa kila kizazi hakibaki kitu. Uluguru, milima ya Morogoro, ni kwengine kabisa: ardhi inafuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli.

Kisha nikampigia simu bibi yangu, Wete. Babu alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964.

"Bibi, zile eka sasa ziko vipi?"

"Ziko palepale, mjukuu wangu. Nyinyi ndio mliozidi."

Ardhi yenyewe ni ya Serikali, ila nyumbani tunahesabu mikarafuu: huu wa ammi, ile ya shangazi. Nilipomchora babu na watoto wake, mchoro ukafanana na wa Kilimanjaro hata nikashituka. Nikaupeleka darasani, nikazichora koo zote mbili ubaoni, na mwanafunzi mwenzetu wa Marangu akasimama kunisahihishia upande wake. Tulijadiliana mpaka kipindi kikaisha.

Hapo ndipo nilipoona pia kwamba miaka haitoshi kumpima kijana. Umoja wa Mataifa katika takwimu zake unahesabu 15 hadi 24, Mkataba wa Vijana wa Afrika 15 hadi 35. Mtu wa miaka 40 asiye na pa kujenga bado anangojea baba amkatie.

Jambo moja liliniuma. Makala nyingi zikisema vijana, zinasema wavulana. Kwa desturi ya Uchaggani binti hakurithi kihamba, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakataza mila zinazomnyima mwanamke ardhi. Kwetu binti ana fungu lake, nusu ya la kaka, lakini wangapi wanalidai? Mimi mwenyewe ni binti, na mama yangu fungu lake hajawahi kulitaja mbele ya ndugu zake. Insha yangu ya mwisho niliwaandikia mabinti, wa huko na wa huku, na likizo hii namuuliza mama miti yake ni ipi.